Bunduki ya Springi, Siku ya Kwanza

Kwa kuwa bunduki ya upepo haitumii baruti, wengi huidharau. Hii ilikuwa ya springi, ya kukunja mtutu, ya risasi za milimita 4.5, na mwenyewe alikuwa ameinunua mkononi mwa mtu. Kabla sijaikunja alinionya: "Ukiuvuta mtutu, usiuachie mpaka umeurudisha." Unauvuta chini hadi usikie "tak": springi imebanwa, pistoni imenaswa. Unapopachika risasi kwa kidole gumba, mkono wa pili bado umeshikilia mtutu, maana ndoana ya kifyatulio ikiponyoka, mtutu unaruka juu na kidole kiko katikati.

Shabaha ilikuwa mita 20. Bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga uliojazwa ukakaza, matundu yalitapakaa upana wa kiganja. Risasi za mwanzo zilitoa moshi mwembamba na mlio mkali wenye harufu ya mafuta kuungua. Hapo mwenyewe akatikisa kichwa: aliyekuwa nayo kabla alikuwa amepulizia mafuta kwenye tundu la hewa. Mafuta yakiingia kwenye silinda, hewa inayobanwa ghafla hupata joto la kuyawasha, kasi inayumba kila risasi, na sili ya pistoni, ile pete inayozuia hewa isivuje, inaliwa.

Katika kuirekebisha tulianza na mshiko, kwa sababu haugharimu kitu. Pistoni ikiachiwa, bunduki hupiga teke nyuma, kisha ikasukumwa mbele pistoni inapofika mwisho wa silinda, na tetemeko hilo huanza kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiibana, au ukiilaza juu ya kitu kigumu, kila mara inaruka kivyake. Basi mbao ya mbele ikae juu ya kiganja kilicho wazi, vidole visiishike, kitako kiguse bega tu. Matundu yakasogeleana papo hapo, lakini bado moja moja lilikimbilia pembeni.

Zikaja skrubu. Moja ya ubavuni mwa mbao ya mbele ilizunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kukaza. Ni ugonjwa wa kawaida wa bunduki hizi, mtetemo huzilegeza. Tulizitoa zote, tukafuta mafuta kwenye nyuzi, tukatia tone la gundi ya skrubu, ile inayofunguka kwa bisbisi, tukakaza kwa mkono bila kuziponda mbao. Risasi nazo tuliziviringisha juu ya kioo: yenye sketi (ukingo wa nyuma) iliyobonyea huyumba, ikawekwa kando. Zenye kichwa cha duara, gramu 0.54, ndizo mtutu ule ulizipenda kuliko zenye kichwa bapa. Mtutu mwingine ungechagua nyingine.

Darubini ilikuwa ya bunduki ya baruti, na hilo ni kosa la kila duka lisilojua. Imeundwa kuhimili teke la upande mmoja. Hili la pande mbili hulegeza vioo vyake vya ndani. Tena ilikuwa imeteleza nyuma, alama za mikwaruzo zikionekana wazi kwenye reli. Ilibadilishwa kwa darubini ya bunduki za upepo, inayorekebishwa kuona vizuri kuanzia mita 10, juu ya kishikio chenye pini inayoingia kwenye tundu la reli.

Mwisho ndipo tukaifungua. Springi imebanwa hata bunduki ikiwa haijakunjwa, kwa hiyo hutolewa kwa jeki ya kubania, taratibu, uso ukiwa pembeni; bila jeki usijaribu. Ya zamani ilikuwa imepinda kama ndizi, ikicheza kwenye kiongozi chake cha plastiki, kile kijiti cha ndani kinachoinyoosha, na ndiyo iliyokuwa ikitoa mlio kama wa waya baada ya kila risasi. Silinda ilifutwa mafuta yote, springi mpya na kiongozi kinachobana vikapakwa grisi nzito kidogo tu. Grisi haikupita mbele ya sili ya pistoni. Ingepita, moshi ungerudi. Mlio ukawa wa "pu" mkavu, na darubini ikabidi irekebishwe upya, kwani kasi ilibadilika.

Kifyatulio hatukukigusa. Kilikuwa kizito, lakini kukilegeza hupunguza sehemu inayoshikilia pistoni, na bunduki inaweza kufyatuka yenyewe mtutu unapofungwa.