Umerudi Nairobi kutafuta karatasi za babu? Usitafute "Wanubi"

Wazee wa Kinubi wa Kibra, wazao wa askari waliotoka Sudan, hawana subira na mtu aliyerudi kutoka ughaibuni: hujafungua sanduku, ushaagizwa karatasi za babu. Ukifika Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue ukatafuta "Nubian", utaambulia kidogo. Maafisa wa kikoloni waliwaandika "Sudanese", mara nyingine "Soudanese", na Kibra ikawa "Kibera" au "Kibira". Jaribu zote.

Kosa kubwa zaidi ni kutafuta jamii. Serikali ile ilifungua faili palipozuka shida, si kwa kupenda historia ya mtu. Basi babu yumo kwenye mafaili ya ardhi, ya jeshi la KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), au ya chang'aa, ambayo maafisa waliiita "Nubian gin". Bibi naye ukimwona, huenda ni hapo kwenye chang'aa, tena kama mshtakiwa.

Shika miaka. Eneo la Kibra lilitengewa askari 1904, likatangazwa rasmi 1918, ekari 4,197. Lilikuwa mikononi mwa jeshi hadi 1928, kisha likapewa utawala wa kiraia. Barua zikikatika ghafla mwaka huo, usidhani zimepotea. Tafuta upande wa mkuu wa wilaya (DC) na wa mkoa (PC).

Jina moja halitoshi. Askari aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, bila ukoo, na Juma ni wengi. Nenda na majina matatu, kikosi, na namba ya jeshi ikiwa familia inayo.

Faili likiletwa, piga picha ya jalada kwanza, lenye namba yake, la sivyo hutalipata tena. Kisha soma zile karatasi za mbele ambamo maafisa waliandikiana kwa mkono. Barua rasmi ina adabu. Ubishi wa kama hawa watu wana haki ya kukaa uko huku.

Ukipata kibali cha shamba, furahi kwa kiasi. Kinathibitisha babu alikuwepo, si kwamba alimiliki. Hatimiliki ya jamii ilitoka 2017, kwa ekari 288 tu.

Kama bado uko Uingereza, pitia Kew, yaliko makavazi ya taifa ya Uingereza, kabla ya kupanda ndege: omba CO 533, barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Kenya, na FCO 141, yale mafaili yaliyobebwa hadi Uingereza wakati wa uhuru yakaanza kufunguliwa 2012. Kadi ya msomaji hailipiwi.