Siku moja maishani mwangu: vibao saba vya kuombea bunduki

Saa 11:30 alfajiri

Natoka Makorora kwa baiskeli kabla jua halijachomoza. Rangi ya mafuta na jua la Tanga havipatani. Ukichelewa, brashi inavuta kama bamia. Banda langu liko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba, na leo wateja wamenitangulia. Watano wamekaa barazani, wa sita amelala juu ya gunia, miguu yote vumbi tupu. Walikuja jana kwa basi la jioni kutoka upande wa Pangani, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Saadani, wakalala kwa ndugu zao.

"Shikamoo wazee."

"Marahaba fundi. Tumekuja na rafiki zetu wengine, wako kwenye chai."

Siku hizi kazi ya mabango ya mkono imebaki ya kubahatisha. Mashine za kuchapa plastiki zimetumaliza. Hawa walikwenda huko kwanza, wenye mashine wawili wakawakataa waliposikia neno bunduki. Ndiyo maana wako kwangu.

Saa 1:00 asubuhi

Mzee mwenye balaghashia, ambaye nilishamjua kuwa ndiye msemaji, akanipa karatasi. Sentensi moja, maneno 34, inaanza "Sisi wakulima tunaiomba Serikali yetu sikivu" na inamalizikia nyuma ya karatasi. Nikamwambia bango si barua ya posa. Linasomwa na mtu aliye ndani ya bajaji, tena anayedai chenji.

"Basi nielezeni kwa mdomo."

Wakaeleza wote kwa mpigo. Nyani wanakuja mchana, nguruwe pori usiku. Mchana wanaamia wanawake na watoto kwa kombeo na makopo. Usiku wanaume wanapanda dungu na debe la kugonga. Nguruwe wakiingia kwenye mahindi hawali tu, wanalaza shamba zima kama limepitiwa na tingatinga. "Na kwetu haliwi," akasema bibi mwenye kanga ya kijani, "kwa hiyo hana wa kumwogopa."

Zamani kijiji kilikuwa na magobore matatu, yote na leseni. Moja lilikuwa la marehemu baba yake mzee wa balaghashia. Ulipokuja uhakiki wa silaha wa 2016 mzee wetu huyu akalipeleka mwenyewe, kwa mikono yake. Jina kwenye leseni ni la mtu aliyekwisha kuzikwa, gobore likabaki hukohuko. Bunduki hairithiwi kama mnazi. Sheria ya silaha ya 2015, iliyoondoa ile ya 1991, inamtaka mrithi aombe ya kwake, na kuomba ndiyo ngoma yenyewe: barua inaanzia kijijini, inapanda kata, inapanda wilaya, inapanda mkoa. Ya mzee ilipanda ikapotea njiani. Ya pili ikarudi, picha zimepitwa na wakati. Ya tatu anaambiwa iko kwenye kikao.

"Tangu nianze kuomba nimevuna misimu sita," akasema. "Nguruwe kavuna zaidi yangu."

Saa 2:30

Kijana wangu wa kazi, ambaye anaishi ndani ya simu yake, akaleta shauri. Alishaona picha za Marekani, mji wa Richmond, Januari 2020: maelfu ya watu wamekusanyika kupinga sheria za kubana bunduki, wengi wao bunduki zenyewe ziko begani. Akataka tuandike SILAHA NI HAKI YETU.

Nikaona wazee wanatazamana. Ikabidi niweke brashi chini. Wamarekani wana kipengele hicho kwenye katiba yao tangu 1791, wakigombana wanagombania maana yake. Yetu ya 1977 haina neno hilo. Ibara ya 18 inakupa kutoa maoni na ya 20 inakupa kukusanyika, kwa hiyo kibao ni haki yako, bunduki ni ruhusa. Tena ukitaka kuandamana sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Hawa walikwisha kuipeleka tangu wiki iliyopita, nakala iko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho.

"Sisi hatutaki bunduki kila nyumba," akasema mzee. "Kuna vijana kule kwetu hata panga sitawapa. Tunataka anayestahili ajibiwe. Hata akikataliwa, akataliwe kabla mahindi hayajakomaa."

Hapo ndipo nilipokubali kazi kwa moyo mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa naifanya kwa nusu moyo, na sababu ninayo. Shemeji yangu alitengenezewa gobore la kienyeji kwa bomba la usukani wa gari. Lilimpasukia mkononi, vidole viwili vikaenda na jicho la kulia halijarudi sawasawa. Na kijiji kikikaa jirani na hifadhi, gobore la kufukuzia nguruwe linajua pia njia ya kwenda kwa swala. Nikawaambia. Hakuna aliyebisha, ila bibi alisema shemeji angekuwa na njia ya halali asingekwenda kwa mhunzi. Inawezekana. Namfahamu shemeji, inawezekana pia angekwenda tu.

Tukaandika vibao saba. TUJIBUNI NDIYO AU HAPANA, huo wa mzee. MAHINDI HAYANGOJI KIKAO. Na mmoja niliuona ndio kilele cha ufundi wangu, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: NGURUWE HAOMBI KIBALI. Shilingi 5,000 kila kimoja. Wakanipa 20,000 na madafu manne, iliyobaki ije kwa simu.

Saa 4:15

Sikupanga kwenda nao. Lakini askari aliyekuja kuwatazama pale barazani, kijana mpole kabisa, akasema vibao sawa, fito hapana. Fito ni silaha. (Nilimeza cheko langu.) Basi nikang'oa misumari yote, nikatoboa hardibodi na kutia kamba, vibao vikavaliwa shingoni kama vya watoto wa chekechea, na kwa kuwa kamba zilikuwa zinakatika ikabidi nifuatane nao na bunda la katani mkononi.

Watu 11, wanawake watatu. Tukavuka reli kuelekea mjini, kando ya barabara, kimya. Baiskeli zinatupita. Dereva wa bajaji akapunguza mwendo, akasoma kibao changu cha fahari, akauliza kwa sauti:

"Nguruwe mnauza kilo shilingi ngapi?"

Mzee aliyekivaa kibao kile ameshakwenda hija. Alisimama katikati ya njia, akanitazama mimi, hakumtazama dereva. Kabla hatujafika sokoni tukaulizwa tena mara mbili, na mama mmoja akatusonya. Nikaomba tusimame kivulini. Nilikuwa na kopo dogo la nyeusi mfukoni, nikaongeza chini yake, kwa herufi za kubanana: KULA SHAMBA LETU. Likawa limeharibika sura, lakini maswali ya bei yakakoma.

"Kile kirefu changu kingeeleweka," akasema mzee wa balaghashia. Sikuwa na jibu.

Saa 5 hadi saa 7

Kusubiri chini ya mwarobaini nje ya ofisi. Mhusika yuko kwenye kikao, na hapo kila mtu akakitazama kile kibao cha MAHINDI HAYANGOJI KIKAO kisha akatazama pembeni. Mlinzi akatuletea benchi.

Maongezi ya kusubiri ndiyo matamu. Kijana wangu, ambaye alikuja bila kuitwa, akauliza kwa nini wasifuge nyuki, mbona sehemu nyingine mizinga inazungushiwa mashamba tembo wasiingie. Mzee akacheka, akasema nyuki wa Tanga wana cheo. Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi lilishuka hapa kwa meli kuwatoa Wajerumani, watu wengi kuliko waliokuwa wakiwangoja, na bunduki zao zote. Risasi zikaivuruga mizinga ya porini, nyuki wakatoka, askari wakatupa walichoshika na kukimbilia majini. Nyuki waliuma pande zote mbili, lakini aliyeshindwa vita ni Mwingereza, na makaburi yao mpaka leo yapo. "Ila nguruwe," akamaliza mzee, "yeye ana ngozi. Nyuki watamfanyia nini?"

Adhana ya adhuhuri ikalia. Wakaenda kuswali kwa zamu ili mstari usikatike, na vibao wakaviegemeza ukutani mwa msikiti, kasoro kimoja. Kile nilikishika mwenyewe, nimesimama juani upande wa pili wa barabara.

Mhusika alitoka saa 7 kasoro. Aliamkia wazee vizuri, akasoma barua yote, hata nyuma. Akasema sheria imetungwa na Bunge, yeye hawezi kuibadilisha, lakini maombi yaliyokwama atayaulizia. Mzee akamwomba agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Kukawa na kutafutana muhuri, ukapatikana kwenye droo ya mtu mwingine. Mazungumzo yote hayakufika dakika kumi. Mzee aliipuliza ile nakala wino ukauke, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki.

Saa 9 alasiri

Bandani. Kibao cha muuza kachori, herufi za manjano. Kibao cha saluni. Hakuna cha kusimulia.

Saa 10:30

Wakapita kuaga kabla ya basi la Pangani. Vibao sita waliviacha kwangu, "vitafaa siku nyingine." Cha nguruwe mzee hija hakukiacha. Alikifunga kwenye gunia, maandishi ndani. Atakisimika shambani, akasema, angalau yeye nguruwe akisome.

Saa 3 usiku

Nimepiga simu kuuliza kama wamefika salama, na, sitasema uongo, kuulizia ile 15,000. Mzee wa balaghashia akapokea kwa kunong'ona. Yupo juu ya dungu, zamu yake. Hela kesho asubuhi, inshallah.

"Mzee, mbona unaongea chini chini?"

"Nyamaza kidogo fundi, kuna kitu kinavunja mabua."

Nikanyamaza. Nikasikia upepo, kisha debe.