Mito ya kupigia magoti: wa mzabibu umekamilika uso

Wiki hii uso wa mto wenye mzabibu umekamilika. Mito hii itakaa kwenye reli ya madhabahu, tunapopokea Meza ya Bwana, na inashonwa na sisi akina mama wa parishi yetu ya Kianglikana hapa Dodoma.

Mchoro haukuleta ubishi. Wenzetu wengine wana mashamba ya zabibu Hombolo, na mmoja alikuja na tawi bichi kwenye kapu. Tukalilaza juu ya karatasi ya miraba, tukalichora palepale, mpaka meno ya jani. Pembeni tumeweka suke la mtama. Ugogo bila mtama ungekuwa Ugogo gani?

Ubishi ulikuwa kwenye mshono. Mshono wa nusu msalaba, yaani mkono mmoja tu wa msalaba, unakula uzi kidogo, na uzi wa sufu ni ghali. Lakini geuza kitambaa cha vitundu tunachoshonea uone: nyuma kuna nyuzi fupi chache tu, vitundu viko wazi. Kwa magoti ya kila Jumapili, huo utalika mapema. Tumechagua mshono wa mshazari: unaanzia kona, mstari mmoja sindano inashuka, unaofuata inapanda, na nyuma panajifuma kama mkeka. Uzi unakwenda mwingi, na nimeutetea kwa moyo wote.

Nilipata ujasiri kwa kusoma habari za Louisa Pesel, aliyeanza mwaka 1931 kuongoza wanawake wa kujitolea kushona mito ya Kanisa Kuu la Winchester, Uingereza.

Rangi ya kujazia nafasi nyuma ya mchoro ni ya udongo mwekundu uliokolea. Wapo waliopenda nyeupe, ila vumbi letu mnalijua.

Mshono huu hauvuti sana kitambaa, lakini pembe zilikuwa zimelala kidogo. Tulikilowesha, tukakikaza juu ya ubao kwa misumari isiyoshika kutu, tukipima kwa skwea ya seremala. Kikakauka kimenyooka.

Kisha tukajaza sponji, tukamwomba bibi mmoja anayesumbuliwa na magoti aujaribu. Akapiga magoti, akatulia, akasema, "Wanangu, bado nasikia sakafu." Tumeongeza tabaka la sponji ngumu zaidi. Akisharidhika yeye, tutashonea turubai chini, halafu tuanze mto wa mbuyu. Shina lake limeshachorwa. Matawi ndiyo bado yanajadiliwa.