Nilivyomtafutia Mama Mkubwa Makazi ya Kulelewa

Hapa Tanga mtu akisema kwamba mzee wake analelewa kwenye makazi ya wazee, swali linalofuata ni kama mzee huyo hana ndugu. Nimeulizwa hivyo msikitini, kazini na barazani kwangu, na kwa kuwa najua zipo nyumba nyingi zenye mzee aliyepotewa na kumbukumbu, ambazo watu wake hawajui waanzie wapi, nimeona nieleze jinsi nilivyomtafutia mama mkubwa mahali pa kukaa na mambo niliyoyatazama kabla ya kukubali.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Mwanawe wa pekee, ambaye kwangu ni dada, anaishi Muscat na hutuma fedha kila mwezi. Mimi nafanya kazi ya zamu bandarini na mke wangu ni mwalimu. Tuliishi naye Ngamiani, na kwa muda mrefu kusahau kwake hakukutusumbua sana, kwani mtu anaweza kuulizwa jambo lile lile mara nyingi kwa siku na akajibu bila kukasirika. Kilichotushinda ni magharibi. Jua likianza kushuka alikuwa akikusanya vitu vyake, akavifunga kwenye kanga na kutoka, akisema anarudi Pangani kwa mama yake, ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Jioni moja vijana wa bodaboda walimrudisha kutoka barabara kuu, na tulipolifungua lile furushi tulikuta tasbihi, upawa wa jikoni na funguo za nyumba ya jirani. Dada wa kazi aliyekuwa akimwangalia aliaga mwezi huo huo, na aliyemfuata hakukaa.

Kabla ya kufikiria makazi yoyote tulimpeleka hospitali ya Bombo, na kila anayeniuliza humshauri aanzie hospitali, kwa sababu si kila mzee anayechanganyikiwa ana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende ya siku nyingi, hata huzuni iliyokaa moyoni bila kutibiwa, vyote huweza kumfanya mzee aonekane amepotewa, na baadhi ya hayo yana tiba. Daktari alimpima hayo yote, pamoja na presha na sukari. Kwa kuwa mama mkubwa hakusoma shule, hakumwambia achore saa wala asome kitu, bali alimpangia njiti za kiberiti mezani na kumwomba apange mfano wake. Kipimo hicho kilitokana na utafiti uliofanyika kwetu Tanzania, wilayani Hai, ambako takriban asilimia 6 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikutwa na demensia. Mama mkubwa alizitazama zile njiti, akazikusanya taratibu, akazifunga kwenye pindo la kanga anapowekea fedha, kisha akamshukuru daktari.

Jibu lilikuwa kwamba presha ya miaka mingi ilikuwa imeharibu mishipa midogo ya ubongo, kwamba hali hiyo hairudi nyuma, na kwamba kuchafuka kwake wakati wa magharibi ni jambo linalojulikana sana kwa wagonjwa wa aina yake. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoniongoza. Kama shida yake kubwa inaanza jua linapokuchwa, basi mahali pazuri kwake ni pale palipo na mtu wa kufaa kuanzia saa hiyo hadi alfajiri, na mengine yote, bustani, vigae, televisheni, yanakuja baadaye.

Kikao cha familia kilikuwa kigumu kuliko nilivyotegemea. Dada alipiga simu kutoka Muscat akilia. Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wetu sote, alisema kwamba ukoo wetu hautupi wazee, na akanitaka nitafute dada wa kazi mwingine. Sikubishana naye, kwa kuwa si adabu, lakini nilimwomba aje alale kwetu ili aone, naye akakubali. Alfajiri nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele na fimbo yake magotini, mama mkubwa akiwa bado anamwuliza yeye ni nani na kwa nini amemzuia njia. Mjomba hakulizungumzia tena suala la kutupa wazee. Aliuliza tu kama huko tunakofikiria wanaswali.

Njia tulizokuwa nazo hazikuwa nyingi. Serikali ina makazi ya wazee katika mikoa kadhaa, na hapa mjini yapo ya Mwanzange, lakini makazi hayo yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza ambao hawana wa kuwatunza, na anayeingia hupitia kwa afisa ustawi wa jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema wazi kwamba familia ndiyo yenye jukumu la kwanza na kwamba makazi ni hatua ya mwisho, na kwa hiyo sikuona kwamba ni haki kumwombea nafasi hiyo mtu mwenye mtoto Muscat. Jamaa mmoja alipendekeza Lutindi, milimani huko Korogwe. Lutindi ni hospitali ya magonjwa ya akili tangu zama za Wajerumani, na anayeifaa ni mgonjwa wa akili anayehitaji matibabu, si mzee anayehitaji mtu wa kumshika mkono na kumvalisha. Zilibaki nyumba za watu binafsi na za mashirika ya dini.

Nyumba ya kwanza niliyoitembelea ilikuwa Dar es Salaam, na sitaitaja jina. Ilikuwa safi mno. Meneja alinipitisha sebuleni, akanionyesha vyumba vyenye viyoyozi, na kila nilipouliza kuhusu usiku alinijibu kuhusu chakula. Hatimaye nilipata jibu kwa mlinzi wa getini, ambaye hakuwa na sababu ya kunificha: usiku hubaki mhudumu mmoja kwa wazee wote, na milango ya vyumba hufungwa kwa nje. Mzee aliyefungiwa chumbani hawezi kukimbia moto wala kwenda chooni, na mwenye demensia hatakumbuka kwa nini amefungiwa. Ataendelea kugonga tu. Nilirudi Tanga na basi la jioni.

Nyumba tuliyoichagua imo humu humu mkoani, inaendeshwa na masista, na kwa sura haina la kujivunia, kwani rangi ya kuta imebabuka na mabati yana kutu. Niliomba kwenda bila miadi, tena saa kumi na mbili jioni, na Sista anayesimamia hakuona ajabu. Nilimkuta bibi mmoja amebeba mkoba, anaelekea getini kwa haraka, akisema wanawe wanamsubiri. Mhudumu hakumvuta wala kumwambia kwamba wanawe ni watu wazima. Alimwamkia, akamwuliza wanawe wanaitwaje, akaubeba mkoba, wakatembea pamoja kuzunguka uwanja, wakapita getini, wakapita jikoni, na walipofika mezani uji ulikuwa umeshamiminwa. Bibi akakaa. Niliwatazama mwanzo hadi mwisho na nikajua kwamba mhudumu yule alikwisha kuizunguka njia ile mara nyingi.

Siku hiyo na nyingine zilizofuata niliuliza maswali ambayo naamini yana maana zaidi ya kuuliza bei. Niliuliza usiku wako wangapi, na nikaomba kuiona ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani badala ya kuelezwa. Niliuliza mzee akikataa kuoga wanafanyaje, na Sista akajibu kwamba wanamwacha, wanarudi baada ya saa moja, na ikibidi anabadilishwa mhudumu, kwa kuwa mara nyingine mzee hakatai maji bali anamkataa mtu. Niliuliza kuhusu dawa za kutuliza. Hilo nililikazia, kwa sababu daktari wa Bombo alinionya kwamba dawa za aina ya haloperidoli, ambazo hufanya nyumba iwe tulivu, huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye demensia, na hazifai kutolewa kwa mazoea. Sista alinionyesha daftari la dawa, jina kwa jina, pamoja na saini ya daktari aliyeziandika. Wachache tu walikuwa wakizitumia.

Swali la mjomba lilibaki. Mama mkubwa ni Mwislamu, na nyumba ni ya Wakatoliki. Nilimwambia Sista waziwazi kinachotutia wasiwasi, naye alilichukua kwa wepesi kuliko mimi, kwa sababu wazee wengi wa pale ni Waislamu na kuku wao huchinjwa na mlinzi, ambaye naye ni Mwislamu. Tulikubaliana kwamba kitanda chake kielekezwe kibla, kwamba aogeshwe na wanawake tu, kwamba awekewe birika la udhu hata siku ambazo hatakumbuka kulitumia, na kwamba Mungu akimchukua tupigiwe simu saa hiyo hiyo, usiku au mchana, mwili usipelekwe popote wala kuoshwa kabla hatujafika. Hayo yote yameandikwa kwenye mkataba. Baadhi ya ndugu waliona kwamba kuandika habari ya kifo ni uchuro. Mimi niliona kwamba uchuro ni kugombana na watu juu ya maiti.

Jambo moja sikulitafuta, lakini ndilo lililoikamilisha nia yangu. Mama mkubwa alikuwa ameanza kurudi kwenye Kizigua cha utotoni, na nyumbani kwangu hakuna anayekijua vizuri, hivyo kuna maombi yake mengi ambayo hatukuyaelewa, na yeye alituona tunampuuza. Miongoni mwa wahudumu alikuwemo mama mmoja wa Handeni. Alipomsalimu mama mkubwa kwa Kizigua siku tuliyompeleka kupaona, alijibiwa kwa maneno mengi kuliko yote niliyoyasikia kutoka kwake mwaka ule, na sehemu kubwa yake, nilivyotafsiriwa, ilikuwa malalamiko juu ya mapishi ya mke wangu.

Tulimhamisha asubuhi, wakati akili yake imetulia, bila kumtangazia siku nyingi kabla, na tukachukua mkeka wake, mto wake, kanga zake kuukuu na kikombe chake cha bati, tukaacha vipya. Tulishauriwa tusimtembelee kwa wiki za mwanzo ili azoee. Ushauri huo hutolewa sana, na unaweza kuwafaa wengine, ila mimi sikuufuata. Nilikuwa nakwenda kila zamu yangu iliponiruhusu, asubuhi, nikikaa muda mfupi na kuondoka wakati wa chakula ili asishughulike na kuondoka kwangu. Mwanzoni alikonda kidogo na kila jioni alifunga furushi. Bado hulifunga, ingawa si kila siku, na huzungushwa uwanjani na mama wa Handeni.

Gharama tunagawana. Dada hulipa ada ya nyumba, ambayo inakaribia mishahara ya dada wa kazi wawili, mimi nanunua nepi na dawa za presha, na kila baada ya miezi michache nampeleka Bombo kwenye dirisha la wazee kupimwa. Mjomba hakupangiwa chochote, lakini kila Ijumaa baada ya swala humpelekea kuku wa kienyeji na nazi, akisema kwamba mchuzi wa masista hauna tui la kutosha, na Sista, ambaye angeweza kulikataa jambo hilo kwa kuwa halimo kwenye mkataba, ameanza kumwekea sufuria.