Nilivyompata fundi bora wa mashua za matembezi ufukweni Dunga

Kwa miaka mitatu nimesimamia tuzo ndogo ya mafundi wanaounda mashua za matembezi hapa Kisumu, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, hakuna fundi aliyeondoka amenuna wala mwenye mashua aliyenong'ona kwamba mshindi ni jamaa yangu. Wenzangu wa fuo nyingine wameniuliza nilifanyaje. Ninawajibu kwa maandishi, kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea mwaka mzima, na sipendi mtu mwingine aufuate.

Mashua ninazozungumzia ni zile zinazowapeleka wageni kutazama viboko na ndege wa kwenye mafunjo, au zikienda mbali, hadi kisiwa cha Ndere. Nyingi ni za umbo la sese: mkuku, yaani uti wa mgongo wa mashua, mmoja mrefu unaochomoza mbele, mbao zilizopigiliwa ukingo kwa ukingo, na pamba iliyosokomezwa kwenye maungio. Mgeni akishuka hulijua jina la mashua kwa sababu limeandikwa ubavuni, na hulijua jina la nahodha kwa sababu amezungumza naye saa nzima, lakini fundi hamjui wala haambiwi. Mwaka wa 2021 FlipFlopi ilipofika Kisumu, ile mashua ya plastiki iliyorejelezwa ambayo iliundwa Lamu na kushushwa majini mwaka wa 2018, fundi wake mkuu, Ali Skanda, alikuwa anatajwa kwa jina. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Nilijiuliza kwa nini fundi wa Lamu ajulikane na fundi wa Usoma, ufuo mwingine wa hapa Kisumu, ambaye ameunda nusu ya mashua tunazopanda, asijulikane hata na abiria wake.

Mwaka wa kwanza nilimsikiliza mtu mmoja wa mjini anayeandaa sherehe. Aliniambia kwamba tuzo ni karamu na kura: nikodishe ukumbi, nitafute wafadhili, watu wapige kura kwa simu, na kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya Ulaya. Ukumbi ulinishinda kwa bei, ila kura tulipiga. Ilishinda mashua iliyopakwa rangi ya kupendeza kuliko zote, ambayo mwenyewe ana ukoo mkubwa kutoka Nyalenda hadi Ahero. Haikupita miezi mitatu kabla misumari yake haijaanza kutoa kutu kwenye mbao, na abiria wakawa wanarudi ufukweni viatu vimelowa. Kila nilipoiona ikipita na cheti chetu kimebandikwa kwenye kioo cha mbele, niliona haya, kwa kuwa cheti kile kilikuwa kinawaambia wageni jambo ambalo halikuwa kweli.

Baadaye nilisoma habari za hao wa Ulaya. Katika shindano lao la European Powerboat of the Year, waamuzi ni wahariri wa majarida ya mashua kutoka nchi mbalimbali, na kabla ya kuamua huziendesha mashua wenyewe majini. Karamu ipo, lakini huja baada ya kazi hiyo. Mshauri wangu alikuwa ameiona karamu tu.

Basi mwaka wa pili nikaamua kwamba maji yenyewe ndiyo yatakayokuwa mwamuzi. Mashua ya mbao yoyote huingiza maji kidogo, na maji hayo hukusanyika chini, kwenye ngama. Aliyekalafati vizuri, yaani aliyeziba maungio kwa pamba sawasawa, hupata kikombe, aliyelipua kazi hupata ndoo. Nilifikiri nimemaliza. Tulizifunga mashua saba mahali pamoja jioni, tukazikausha, na asubuhi tukayateka maji yaliyoingia na kuyapima. Mashua ya yule fundi wa Usoma, mzee ambaye mimi mwenyewe nilimtegemea, ilitoa maji mengi kuliko zote, zaidi ya ndoo tatu. Watu walicheka. Mzee hakusema neno. Aliinama, akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye ungio moja karibu na mkuku, akanionyesha jinsi ukucha ulivyozama, kisha akauliza mashua hiyo ilikuwa wapi mwezi uliopita. Ilikuwa nchi kavu, wiki tatu juani, mwenyewe akiipaka rangi kwa ajili ya shindano langu.

"Kijana wangu," aliniambia, "umelipima jua, hukuipima mashua."

Mbao zikikauka husinyaa na pamba ikalegea. Zikirudi majini hufura taratibu na kujibana zenyewe, lakini hazifuri kwa usiku mmoja. Nilikuwa nimewanyima haki mafundi ambao wateja wao walizitunza mashua nchi kavu, na nikawazawadia wale ambao mashua zao hazikuwahi kutoka majini. Nilikwenda nyumbani kwake Jumapili iliyofuata kumwomba radhi. Tukakaa chini ya mwembe mpaka jioni, na sehemu kubwa ya utaratibu ninaoueleza hapa ilitoka kinywani mwake.

Mwaka huu kila mashua ililazwa majini siku tano kamili kabla ya kupimwa. Jioni ya siku ya tano, saa kumi na mbili, tuliteka maji yote na kukausha ngama kwa sponji na matambara mpaka kiganja kikipita kinatoka kikavu. Halafu ukaja ujanja ambao ninajivunia kuliko vyote, na huo ni wangu mwenyewe: nilichekecha majivu ya jikoni, laini kama unga, nikayanyunyiza kwa ndani juu ya kila ungio na kila kichwa cha msumari, kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Majivu makavu ni meupe. Pale maji yanapopenya, hata kama ni tone moja, hugeuka kuwa doa jeusi, na doa hilo halibishaniwi. Kopo la kupimia maji linakuambia yameingia kiasi gani. Majivu yanakuambia yameingilia wapi, na kama kosa ni la pamba, la msumari, au la ubao uliopasuka baadaye kwa kugongwa na mwamba, jambo ambalo fundi halaumiwi kwalo.

Mashua zote zilifunikwa turubai kwa ajili ya mvua, na kila fundi alimleta mtu wake wa kulinda usiku, ili asiwepo wa kusema kopo limeongezwa au limepunguzwa. Usiku ule sikulala. Saa kumi na mbili asubuhi, ziwa likiwa limetulia kama linavyotulia kabla ya upepo wa mchana, tulifunua turubai ya kwanza kwa tochi. Majivu yalikuwa meupe kila mahali isipokuwa mstari mmoja mwembamba, urefu wa kiganja, chini ya kiti cha nahodha. Fundi wake aliutazama mstari ule kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hapo pamba iliniishia, nikaazima ya mtu." Mashua nyingine ilikuwa na madoa mviringo yaliyopangana kama shanga, yote kwenye vichwa vya misumari ya kawaida isiyopakwa zinki, hakuna aliyehitaji kuambiwa fundi alibana matumizi wapi.

Jaribio la pili lilikuwa la uthabiti. Tulifanyia kwenye maji ya kifuani, tukapakia viroba vya mchanga badala ya watu, kilo 75 kwa kila abiria anayeruhusiwa, kisha tukavisogeza vyote upande mmoja, kama wageni wanavyofanya kiboko anapoibuka. Tulipima kwa kijiti umbali kutoka ukingo hadi maji. Mashua moja ya kuvutia sana, yenye paa refu na viti vya mito, ilianza kunywa maji tulipofika kiroba cha abiria wa saba, ilhali hubeba kumi na wawili. Mwenyewe amekwisha kuipunguzia paa. Mashua za faiba tulizipima peke yake, kwa maana hazina pamba ya kukaguliwa na si haki kuzishindanisha na mbao.

Gharama haikufika elfu ishirini. Sehemu kubwa ilikuwa chai na mandazi ya walinzi, kukodi mizani, na mchongaji wa vibao vya shaba. Kibao hicho ndicho zawadi yenyewe: kina jina la fundi, si la mwenye mashua, pamoja na mwaka.

Aliyeshinda ni yule mzee wa Usoma, kwa vikombe viwili na nusu vya maji na doa moja la majivu. Nilikuwa nimepanga kukipigilia kibao kwenye omo, mahali ambapo kila mgeni anayepanda angekiona. Alikataa. Alishuka mwenyewe ndani ya mashua na nyundo yake, akapiga magoti, akakipigilia chini kabisa kando ya ngama, pale ambapo nahodha huinama kuteka maji.

"Siku yakizidi," alisema, "atakayeyateka ajue airudishe kwa nani."