Kutoka Ano Liosia hadi Sofia

Ukumbi wa Ano Liosia uko pembezoni mwa Athens, upande wa kaskazini magharibi, mbali na njia za watalii. Nilifika saa nne asubuhi, nikapiga picha moja kutoka barabarani. Humo ndani, Agosti 2004, Georgi Georgiev wa Bulgaria alitwaa medali ya shaba ya Olimpiki, judo kilo 66. Dhahabu ilikwenda kwa Masato Uchishiba wa Japani. Uzito huo ndio wangu, nyumbani Unguja, na jina la Georgiev nimekaa nalo miaka mingi.

Watu huidharau shaba. Kwenye judo, mwenye shaba ameshapigwa mara moja, kisha akajifunga mkanda upya na kurudi mkekani. Mwenye fedha humaliza siku kwa kushindwa, lakini mwenye shaba hushinda pambano lake la mwisho. Mimi niliwahi kuangushwa pambano la kwanza nikaenda kulala. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni nikapanda basi la Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Tulipita Thessaloniki usiku wa manane, tukavuka mpaka wa Kulata, na kulipopambazuka tulikuwa kwenye korongo la Kresna, mto Struma ukienda sambamba na barabara, milima imetubana huku na huku. Kabla ya Georgiev, Bulgaria ilikuwa imepata medali za judo katika Olimpiki moja tu, ya Moscow 1980: Dimitar Zapryanov fedha, Iliyan Nedkov shaba. Miaka 24 ya kungoja! Niliiwaza miaka hiyo hadi mlima Vitosha ulipojitokeza na jiji chini yake.

Kituoni nilikula banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, ungali wa moto kiasi cha kuunguza vidole. Sofia yenyewe sikuizunguka sana. Nilichokifuata ni mkeka.

Rafiki alikuwa ameniombea nafasi kwenye ukumbi mdogo wa mazoezi. Mwalimu, mzee mwenye vidole vilivyopinda kwa kung'ang'ania makoti ya watu, hakujua Kiingereza. Nikamwonyesha ile picha. Akaisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu.

"Atina," akasema. Kisha, taratibu: "Bronz."

Akaniita katikati, akanipa kijana wa miaka kama kumi na saba. Kijana alishika mkono wa koti langu chini kabisa, karibu na kifundo, akaukunja ukingo wake ndani ya ngumi. Nilipojaribu kuuchomoa, alikuwa ameshaingia. Nikaona dari, nikasikia mgongo wangu ukipiga mkeka.

Nilikaa chini nikipumua. Mzee akapiga makofi mawili, akanionyesha kidole kimoja: mara moja zaidi. Nikafunga mkanda, nikamshika kijana ukosi.