Kaunta buku nne

Juzi tulikuwa tunatoa vitu vya marehemu mjomba kwenye chumba cha uani, na chini ya boksi la spea za redio nikakuta kaunta buku zangu nne. Moja panya wameitafuna pembeni, lakini mwandiko unasomeka vizuri. Ni mwandiko wangu wa ujana, wino wa bluu: tarehe, jina la wimbo, mteja, pesa. Nilikaa sakafuni nikazisoma mpaka chai niliyoletewa ikapoa.

Nilikuwa narekodi kanda. Kisheria kazi ile ni uharamia wa muziki, na sitaki kuipaka rangi nyingine. Lakini mwaka 1998, pale kwenye kibanda cha mjomba karibu na soko la zamani la Morogoro, hakuna aliyeiita hivyo. Mteja alikuja na kanda tupu, au alinunua kwetu, akataja nyimbo anazotaka, akarudi jioni kuchukua. Tulikuwa na dabo deki mbili, zile mashine za kanda mbili, moja inacheza na nyingine inarekodi, spika moja iliyotazama barabarani, na ukuta mzima wa kanda za kurekodia.

Ilikuwa kazi ya ufundi. Kanda ya dakika sitini ina nusu saa kila upande. Nyimbo za dansi zinaingia tano, sita ukijitahidi. Taarabu mbili tu, na hapo uombe isizidi. Mrekodi mbaya anauacha wimbo unakatika katikati mkanda unapoisha, na mteja akifika nyumbani anakasirika. Mimi nilikuwa naandika dakika za kila wimbo, napanga wa mwisho uishe zikibaki sekunde chache. Kila asubuhi nilisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, maana kikishika uchafu sauti inakuwa kama mtu anaimba ndani ya pipa. Nikimaliza kurekodi, navunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asije akaifuta kwa bahati mbaya.

Kaunta buku zilikuwa agizo la mjomba. Hakuwa na nia yoyote ya kumsaidia mwanamuziki. Alitaka tu kuhakikisha kwamba sili pesa yake. Kwa hiyo kila wimbo uliotoka pale, hata kama ni mmoja, niliuandika.

Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, na chini yake ikaja COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini. Sisi pale kibandani hatukuwa na habari. Habari tuliipata 2004, asubuhi ya Jumamosi, walipokuja watu wanne na askari wawili. Walibeba deki zote, kompyuta tuliyokuwa tumeanza kuchomea sidii, na ukuta wote wa kanda. Mjomba alilala kituoni usiku mbili. Mimi niliponea kwa sababu nilikuwa nimetumwa maandazi, na kaunta buku zilipona kwa sababu zilikuwa nyumbani.

Siwalaumu waliokuja. Tulikuwa tunavunja sheria. Kilichoniuma, na kinaniuma mpaka leo, ni kwamba wiki hiyohiyo dukani ng'ambo ya barabara ziliendelea kuuzwa kanda feki zilizokuja kwa katoni kwa basi kutoka Dar es Salaam. Zile hazikutoka kwenye dabo deki. Zilikuwa na kava lililochapwa rangi nne, zimefungwa nailoni, na ukizishika huwezi kuzitofautisha na halisi mpaka uone herufi za jina la msanii zimefifia kidogo. Kutengeneza kitu kama kile kunahitaji mashine ya kiwandani, kiwanda cha uchapaji na mtu mwenye masta, yaani rekodi ya asili. Wasanii wengi waliamini, na walilisema hadharani, kwamba nakala za ziada zilitoka palepale walipopeleka masta zao. Siwezi kuthibitisha. Ninachojua ni kwamba msanii hakuwa na njia yoyote ya kuhesabu. Alikabidhi masta, akalipwa alicholipwa, na baada ya hapo alitegemea kuambiwa.

Huko Marekani mambo yalikwenda hivyohivyo kwa vifaa vya bei kubwa zaidi. Mwaka 1999 ikaja Napster, vijana wakawa wanabadilishana nyimbo kupitia intaneti bure. Makampuni ya kurekodi yakaishtaki, na Julai 2001 ikazimwa. Walaji wakahamia programu nyingine. Septemba 2003 chama cha makampuni hayo, RIAA, kikaanza kuwashtaki wasikilizaji wenyewe: watu 261 kwa mpigo, na miongoni mwao mtoto wa kike wa miaka 12 wa New York, ambaye mama yake alilipa dola 2,000 kumaliza kesi. Mama mmoja wa Minnesota alihukumiwa kwa nyimbo 24. Mara ya kwanza alitakiwa kulipa dola 222,000, kesi ikarudiwa 2009 ikawa dola milioni 1.92, kisha mahakama ya rufaa ikairudisha kwenye ile ya kwanza. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Kila mara natafuta waimbaji wa zile nyimbo 24 wako wapi kwenye maelezo, siwaoni. Kuna kampuni na kuna mama.

Sasa nifike kwa mzee.

Mwaka 2007 tulikuwa tumefungua tena, safari hii kompyuta moja na sidii tupu kwenye mnara wa plastiki. Akaja mzee mmoja mrefu, suruali imepigwa pasi ikashika mstari, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi bila kusema anataka nini. Baadaye akataja wimbo. Nikamwambia ninao, ni wa kanda ya 1996, unapendwa sana na madereva.

"Umeurekodi mara ngapi, mwanangu?"

Nikadhani ni mtego. Nikasema sikumbuki. Akaniambia yeye ndiye aliyepiga gitaa la solo na ndiye aliyeutunga, na hakuja kugombana. Msambazaji alimwambia kanda ile ilidoda, haikuuzika, kwa hiyo hapakuwa na malipo mengine. Lakini kila akipanda basi anausikia. Alikuwa anataka kujua tu.

Nikatoka mbio mpaka nyumbani, nikarudi na kaunta buku zangu, wakati huo zilikuwa tatu. Tulizipitia pamoja, yeye akishuka na kidole kwenye safu ya majina, mimi nikiweka vijiti kwenye karatasi, vinne wima na cha tano cha kukata. Wateja walikuja nikawaambia wasubiri. Kwenye Agosti 2003 akasimamisha kidole. Niliandika: kanda 1, wimbo mmoja, pande zote mbili, dereva, Ifakara. Akaniuliza maana yake. Nikamweleza kwamba dereva yule hakutaka wimbo mwingine wowote. Alitaka huohuo urudi na kurudi mpaka anafika. Mzee akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akakaa nayo mkononi muda mrefu.

Tukafika 212. Kibanda kimoja, mji mmoja, kwa wimbo ulioambiwa umedoda.

Nilimpa elfu kumi na mbili zilizokuwa kwenye droo. Alizikataa, kisha akazipokea. Akaniomba kitu kimoja tu, nitoe kopi za zile kurasa. Nilifunga kibanda tukaenda steshenari ya jirani, tukatoa kopi kurasa thelathini na tisa. Alizikunja akaziweka ndani ya bahasha ya kliniki. Alikwenda nazo kwa nani sijui. Mwaka 2014 nilisikia amefariki.

Tangu siku ile nilibadilisha namna ya kuandika. Nikaongeza safu ya mtunzi pale nilipomjua, na jina la bendi. Kazi yenyewe sikuiacha, na hilo nalisema wazi. Nilikuwa na mtoto wa kulisha, na kufikia 2009 watu walikuwa wanapanga foleni na simu zao niwajazie nyimbo kwenye memori kadi. Kadi ya giga mbili inabeba nyimbo mia tano bila shida. Mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za kodi za TRA za kubandika kwenye sidii na kanda, mnunuzi atambue halisi na msanii ajue idadi. Wazo lilikuwa zuri kabisa, kwa sababu stempu inahesabika. Ila lilifika nyimbo zikiwa zimeshahama kutoka kwenye plastiki. Ukibandika stempu kwenye sidii, na kijana anarushiana wimbo na mwenzake kwa bluetooth ndani ya daladala, hesabu inabaki dukani na muziki umeondoka.

Sheria ya Fedha ya 2022 ndiyo iliyonipa matumaini zaidi, ile iliyoleta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi. Wajerumani wana tozo ya namna hiyo tangu 1965. Inakubali ukweli ambao sisi wa vibandani tuliujua zamani, kwamba watu watanakili tu, kwa hiyo mtunzi alipwe pale kifaa kinaponunuliwa. Lakini fedha ikishakusanywa igawanywe kwa hesabu ipi? Ukichukua nyimbo zinazopigwa redioni wiki hii, yule mzee hapati kitu. Wimbo wake haupo redioni. Upo kwenye mabasi, kwenye baa za Kihonda, kwenye simu za watu wa makamo.

Vijana wa leo wanaona namba zao chini ya wimbo YouTube na Boomplay, saa yoyote, bila kumwomba mtu. Nawaonea furaha. Ila nyimbo za wazee huko zimepandishwa na watu wengine kwenye chaneli zao, na mfumo wa YouTube wa kutambua kazi unamsaidia tu yule ambaye kazi yake imeshasajiliwa humo. Mzee aliyerekodi bila kubaki na nakala wala mkataba ataanzia wapi?

Jumapili nilimtafuta binti yake. Anaishi Mafiga, ni mwalimu. Anataka kusajili nyimbo za baba yake na hana kielelezo zaidi ya kava moja lililochanika na ile bahasha ya kliniki, ambayo bado ipo, kopi zimegeuka rangi ya chai. Nilikwenda na kaunta buku zote nne. Tukakaa barazani kwake, yeye anasoma, mimi naweka vijiti kama zamani.

Ile ya nne baba yake hakuiona. Inaanza mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka kibandani na kopi zake, na inaishia Machi 2011 nilipofunga. Tulipofika mstari wa mwisho, hesabu ilikuwa 347.